Vinyama kwenye kikoromeo cha mtoto: kwa nini daktari huacha vingine makusudi

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Kasulu, mkoani Kigoma. Binti yetu wa mwisho ana miaka minne. Tangu akiwa na miaka miwili sauti yake ilianza kukwaruza, tukadhani ni kulia sana. Baadaye akaanza kukoroma usiku na kuchoka mapema akicheza na wenzake. Zahanati walisema pumu, tukapewa dawa ya kupuliza mdomoni, haikusaidia. Bibi yake akampeleka kwa fundi akakatwa kimeo, nako hatukuona nafuu. Mwezi uliopita amepimwa kwa kamera, wakasema ana vinyama kwenye kikoromeo vinavyoziba hewa, kwamba si saratani, na kwamba vitatolewa kupitia mdomoni bila kumchana popote. Tumepewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Lakini wakatuambia vinaweza kurudi, na huenda akafanyiwa tena na tena. Kwa nini wasivitoe vyote siku moja? Jirani anasema bora atobolewe shingo apumue, yaishe. Tena ndugu zangu wamesikia kwamba ugonjwa huu mtoto huupata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, sasa nyumbani hakukaliki. Naomba ushauri wako.

Jibu: Marahaba, baba. Poleni sana wewe na mama mtoto.

Nianze na la haraka. Mwangalie binti akiwa ametulia, halii wala hakimbii. Kama kila akivuta hewa unasikia mlio, na ukimvua blauzi unaona ngozi ya chini ya koo na ya katikati ya mbavu inabonyea ndani, usisubiri tarehe ya kwenye barua ya rufaa. Mpeleke hospitali ya wilaya leo hii, wao ndio waamue kama anaweza kusafiri kwa basi au anahitaji gari la wagonjwa lenye oksijeni. Na kuna jambo huwadanganya wazazi wengi: mlio ukipungua ghafla huku mtoto amelegea, anasinzia bila mpango, midomo inageuka rangi, hiyo si nafuu. Mtoto amechoka kuvuta, na hewa inayopita imekuwa kidogo mno hata haitoi sauti. Hapo ondokeni, hata kama ni usiku wa manane. Tena msimpe dawa za mafua au kikohozi zinazoleta usingizi, maana mtoto mwenye njia nyembamba ya hewa anaishi kwa kujitahidi, na dawa hizo humpunguzia jitihada.

Kama hayo hayapo, basi mna muda wa kujipanga.

Kwa maelezo yako, huu ni ugonjwa tunaouita papiloma za njia ya hewa. Husababishwa na kirusi cha HPV, hasa aina ya 6 na ya 11. Ni jamii ya virusi iliyo kubwa, na hizi mbili si zile zinazoongoza kwa kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Zenyewe huota masundosundo. Kwenye kikoromeo huota vinyama vya rangi ya waridi, vyenye punje punje, vimeshikana kama mayai ya samaki. Hupenda kukaa kwenye nyuzi za sauti, na ndiyo maana kitu cha kwanza kuharibika ni sauti, pumzi hufuata baadaye. Kwa binti yako ilikuwa hivyo hivyo. Aliyekuambia si saratani yuko sahihi: kugeuka kuwa saratani hutokea, lakini ni nadra sana, hasa kwa watoto. Hata hivyo kila anapofanyiwa ulizia kama kipande kimepelekwa maabara. Macho ya daktari peke yake hayatoshi, na kuna uvimbe wa aina nyingine unaoweza kukaa pale pale.

Kuhusu pumu, sitawalaumu sana wa zahanati, kosa hili hufanyika duniani kote. Lakini wasomaji wengine wachukue hili: pumu hubana mirija midogo ndani ya mapafu, na mlio wake husikika zaidi mtoto anapotoa pumzi. Kizuizi cha kwenye kikoromeo husikika zaidi anapovuta. Na pumu yenyewe haimnyang'anyi mtoto sauti. Mtoto ambaye sauti imekwaruza mwezi mzima bila mafua, hata kama anacheza na kula vizuri, anastahili kuangaliwa nyuzi za sauti na daktari wa masikio, pua na koo. Wengi huja kwetu sauti ikiwa imepotea muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyeona kukwaruza kwa sauti kuwa ni ugonjwa.

Kimeo ni hicho kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, unakiona mtoto akifungua mdomo. Kikoromeo kiko chini zaidi, nyuma ya shina la ulimi, hakionekani kwa tochi wala kwa kijiko. Kwa hiyo aliyekata kimeo alikata kitu kisichohusika. Bibi alitaka mjukuu apone, hilo lieleweke, lakini asirudishwe huko. Kukatwa kimeo kunaleta damu nyingi, maambukizi, na pepopunda kama chombo si safi. Kwa mtoto ambaye njia ya hewa tayari ni finyu, damu kidogo tu ikiteleza kooni inaweza kumfunga pumzi kabisa.

Sasa swali lako kubwa. Nitalichukua polepole, kwa sababu ukilielewa hili utaishi na ugonjwa huu bila kuhisi kwamba madaktari wanawazungusha.

Chukua njia ya hewa yenye upana wa milimita 6. Kwa mtoto wa umri wake hatuko mbali na hapo kwenye sehemu iliyo finyu kuliko zote. Vinyama vikiota unene wa milimita 2 kuzunguka ukuta wote, uwazi unabaki milimita 2. Ungefikiri kazi ya kupumua imeongezeka mara tatu, kwa kuwa upana umepungua mara tatu. Sivyo. Kwa hesabu ya mabomba, upana ukipungua mara tatu ugumu wa kupitisha hewa huongezeka kwa tatu mara tatu mara tatu mara tatu, yaani mara 81. Hewa halisi ina misukosuko yake na haifuati hesabu hii kwa usahihi wote, ila mwelekeo ni huo. Ndiyo maana mtoto anaweza kuonekana mzima Jumatatu, akapata mafua ya kawaida Jumatano, na Alhamisi akawa anapigania pumzi: uvimbe mdogo wa mafua umekuta nafasi imekwisha.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wake mzuri. Daktari akiondoa vinyama kiasi cha kurudisha uwazi kutoka milimita 2 hadi 4, ugumu unashuka mara 16, na bado hajamaliza kuviondoa. Mtoto anaamka anapumua kimya, usiku analala, mama anadhani amepona. Kwa pumzi, kuondoa sehemu tu kunaleta faida kubwa. Kinachobaki baada ya hapo daktari anakipima kwa swali lingine: nikiendelea kukwangua, nitamharibia nini?

Nyuzi za sauti ni mbili, zinakutana kwa mbele na kuachana kwa nyuma. Pale mbele zinapokutana ndipo vinyama hupenda kujificha. Daktari akikwangua pande zote mbili za kona ile siku moja, anaacha vidonda viwili vinavyotazamana na kugusana. Vidonda vinavyogusana hupona vikiwa vimeungana. Unapata utando wa kovu unaofunga sehemu ya mbele ya nyuzi, na huo hauondoki kwa urahisi. Kinyama ukikiacha leo unaweza kukitoa baada ya miezi miwili. Kovu ukilitengeneza leo, mtoto atakuwa nalo akiwa darasa la saba, na akiwa mtu mzima. Kwa hiyo daktari mwenye busara husafisha upande mmoja wa kona, upande wa pili anauacha makusudi hadi safari nyingine. Vilevile hachimbi kwenda ndani, anaondoa kilichoota juu na kuuacha ukuta wenyewe mzima. Mimi humwamini zaidi mwenzangu anayeandika kwenye faili "nimeacha kidogo mbele, kushoto" kuliko anayejisifu amekwangua hadi kukawa kweupe.

Tena hata angeondoa kila punje anayoiona, asingemaliza ugonjwa. Kirusi kinakaa pia kwenye utando wa jirani unaoonekana mzima kabisa. Hakuna kisu, wala leza, yaani mwanga mkali wa kukatia, inayoweza kuondoa kitu kisichoonekana bila kung'oa kikoromeo chenyewe. Hivyo upasuaji huu una kazi mbili, kufungua njia ya hewa na kulinda sauti. Hayo ndiyo mambo ya kumpima nayo daktari. Vinyama kurudi si ushahidi kwamba kazi ilifanywa vibaya.

Inafanyikaje? Binti hatachanwa popote nje. Atapewa dawa ya usingizi, nusu kaputi kama mnavyosema, mara nyingi kwa kuvuta hewa ya dawa kwenye barakoa. Atalazwa chali, kichwa kimenyanyuliwa kwa nyuma kidogo. Daktari atapitisha mdomoni chombo cha chuma chenye uwazi na taa, kitakachosogeza ulimi na kufika juu kabisa ya kikoromeo. Kinashikiliwa na mkono wa chuma unaoegemea juu ya kifua ili daktari abaki na mikono yote miwili huru. Kisha anatazama kwa hadubini, au kwa darubini nyembamba iliyounganishwa na kamera, picha ikitokea kwenye skrini ya chumba kizima.

Ugumu wa kazi hii kuliko nyingi za upasuaji ni kwamba daktari wa upasuaji na mtaalamu wa usingizi wanatumia tundu moja. Mmoja anataka kupitisha hewa, mwingine anataka kupitisha vyombo. Kuna wanaopitisha mpira mwembamba wa kupumulia na kufanya kazi pembeni yake. Kuna wanaomwacha mtoto apumue mwenyewe akiwa usingizini bila mpira wowote. Kuna wanaofanya kwa awamu: vyombo vinaingia kwa muda mfupi, vinatolewa, mtoto anapewa oksijeni, kisha vinaingia tena. Ungekuwa mle ndani ungeona watu wameinama kwenye skrini na mmoja wao hatazami skrini hata kidogo, anatazama tumbo la mtoto likipanda na kushuka na kusikiliza mlio wa mashine ya oksijeni. Akisema "toa", daktari anatoa vyombo bila kubishana. Ukipata nafasi ya kuuliza swali moja tu kabla ya upasuaji, uliza kama mtaalamu wa usingizi amezoea watoto wenye kizuizi cha hewa. Hilo ni muhimu kuliko aina ya mashine.

Maana najua watu watakuuliza: "wana leza?" Leza ya kaboni dioksidi ilianza kutumika kwenye kikoromeo mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Boston, Marekani, na ilileta mapinduzi, kwa kuwa inakata huku ikizuia damu. Lakini ina joto linaloweza kuunguza ukuta wa chini na kuleta lile kovu nililolisema, na ikikutana na oksijeni nyingi inaweza kuwasha moto ndani ya njia ya hewa, kwa hiyo inataka masharti makali. Siku hizi wengi hutumia kichokonoo cha umeme chenye kisu kidogo kinachozunguka ndani ya mrija na kunyonya hapo hapo kinachokatwa. Na bado vipo vile vibano vidogo vya mkono, vya siku nyingi, vinavyotoa kinyama kimoja kimoja, pamoja na kipande cha pamba chenye adrenalini cha kukausha damu. Mkono uliotulia wenye vibano humfaa mtoto kuliko leza iliyoshikwa na mtu mwenye haraka. Msikate tamaa, wala msiuze shamba kukimbilia nje ya nchi, kwa sababu tu mmeambiwa hospitali haina leza.

Kutobolewa shingo nakusihi usikuombe kama njia ya mkato. Jirani ana hoja nusu: tundu la shingoni hupitisha hewa chini ya kizuizi, na mtoto anayekufa kwa kukosa hewa, ambaye hakuna anayeweza kumpitishia mpira mdomoni, atatobolewa na itakuwa imeokoa maisha. Ikifika hapo msikatae. Lakini kwa ugonjwa huu tundu lina ubaya wake wa pekee: vinyama hupenda kuota mahali palipojeruhiwa, na tundu huvipa njia ya kushuka kwenye bomba la hewa, ambako kuvitoa ni kugumu zaidi. Vikifika kwenye mapafu, jambo ambalo ni nadra, tunakuwa na ugonjwa mwingine kabisa. Ongeza na kazi ya nyumbani: mpira wa shingoni unahitaji kunyonywa makohozi mchana na usiku, na ukiziba, una dakika chache tu. Ndiyo sababu tunapendelea kumfungulia njia kupitia mdomoni mara nyingi kuliko kumtoboa mara moja. Na akilazimika kutobolewa, lengo liwe kuutoa mpira huo mapema iwezekanavyo.

Atafanyiwa mara ngapi? Nitakuwa mkweli. Ugonjwa ukianza kabla ya miaka mitatu, kama kwake, kwa kawaida ni mkali zaidi kuliko ukianza baadaye. Kuna watoto wanaorudi baada ya wiki chache, wengine baada ya mwaka. Wengi hufika mahali vinyama vikapunguza kasi, na wengine vikanyamaza kabisa, ila hakuna tarehe, na ile habari kwamba vitaisha akivunja ungo si ya kuitegemea. Akihitaji upasuaji zaidi ya mara nne kwa mwaka, au vikianza kushuka chini, muulizeni daktari kuhusu dawa za nyongeza. Inayozungumzwa zaidi sasa ni bevacizumab, inayotolewa kwa mshipa. Ni dawa ya wagonjwa wa saratani, kwa hiyo mkielekezwa kwenye kliniki ya saratani kuifuata msishtuke. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha pia tiba mpya ya kuuamsha mwili upambane na kirusi hiki, lakini kwa watu wazima. Dawa za kuua bakteria hazigusi vinyama hivi, wala dawa za kienyeji za kusukutua. Kuhusu wale wanaoingiza kidole au kijiti kukwangua koo, mkatazeni yeyote asimguse.

Nije nyumbani kwako. Ndugu zako wamesikia nusu ya habari, na nusu waliyoisikia ndiyo wanayomchomea mkeo.

Ni kweli, kwa watoto wengi kirusi hupatikana karibu na wakati wa kuzaliwa, kutoka kwenye njia ya uzazi. Sasa sikiliza upande wa pili. HPV ni miongoni mwa maambukizi yaliyoenea kuliko yote kati ya watu waliowahi kujamiiana, wanawake kwa wanaume, na wengi hawaoni dalili yoyote. Kinaweza kukaa kimya miaka. Hakuna kipimo kitakachosema kiliingia lini wala nani alimpa nani. Na huyo mama naye alikipata kwa mtu. Utafiti wa Denmark uliofuatilia mama waliokuwa na historia ya masundosundo ya sehemu za siri ulikuta kwamba hata kwao, watoto waliopata ugonjwa huu walikuwa kama 7 kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa. Wengine zaidi ya 990 walitoka salama kwa njia ile ile. Utafiti huo haukuona pia kwamba kuzaa kwa upasuaji kulikinga. Kwa hiyo hakuna jambo ambalo mkeo alipaswa kulifanya siku ile akaacha kulifanya. Mkijaliwa mtoto mwingine, asipasuliwe kwa sababu hii pekee. Waambie ndugu zako hayo wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, mkeo akiwepo. Wewe ndiye mwenye nyumba, na mama huyu ndiye atakayekesha wodini.

Na wale kaka na dada zake waendelee kulala naye, kula naye sahani moja na kunywa kikombe kimoja. Hawaambukizwi kwa namna hiyo.

Kinga ipo, na naitaja kwa ajili ya mabinti zako wakubwa kama wapo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV kitaifa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, baadaye umri ukashushwa hadi miaka 9. Lengo lake ni saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo zenye kinga ya aina nne au tisa za kirusi huzuia pia aina ya 6 na ya 11. Zile za aina mbili hazizigusi hizi. Australia, ambako chanjo ya aina nne ilitolewa kwa wingi, watoto wapya wenye papiloma walishuka kutoka 0.16 kwa kila watoto 100,000 mwaka 2012 hadi 0.02 mwaka 2016. Sababu ni kwamba mabinti waliochanjwa walikuwa wamekua na kuanza kuzaa. Chanjo haiondoi vinyama ambavyo tayari vimeota, lakini wakija shuleni na chanjo, usimfiche mtoto.

Niweke neno la pembeni, kwa sababu nimeulizwa na msomaji wa Urambo ambaye baba yake ameonekana na uvimbe usio saratani kwenye mrija mkubwa wa pafu la kulia, baada ya kutibiwa kikohozi muda mrefu. Mzee wenu si kama huyu mtoto. Uvimbe wa mafuta, au ule wa mchanganyiko wa mafuta na gegedu (mfupa laini), hauna kirusi nyuma yake. Nao hutolewa kupitia mdomoni, kwa bomba la chuma linaloingizwa mgonjwa akiwa amelala. Njia hiyo ni ya tangu 1897, pale Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, alipomtoa mkulima mfupa wa nguruwe kwenye mrija wa pafu. Uvimbe wa namna hiyo ukitolewa pamoja na shina lake, mara nyingi habari yake inaishia hapo. Ila ukiwa umepenya nje ya ukuta wa mrija, kifua kitafunguliwa, na picha ya CT, ile eksirei inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, ndiyo itakayosema.

Turudi kwenu Kasulu. Safari ya Mwanza ni ndefu; kama basi lenu linapita Geita, angalau pantoni haitawasubirisha tena, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025. Bebeni barua ya rufaa, kadi ya kliniki, na picha au video ya ile kamera kama walikupa kwenye simu. Kabla ya kuondoka pitia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali uulize utaratibu wa msamaha wa gharama. Bado yuko chini ya miaka mitano, na sera inamtambua. Uliza na mapema, usingoje bili.

Siku ya upasuaji atakatazwa kula kwa muda, kwa kawaida muda wa saa sita kwa chakula na muda wa saa mbili kwa maji matupu, kabla ya kupewa dawa ya usingizi, ila fuata watakachokuambia wodini. Uji ni chakula, chai ya maziwa ni chakula. Nalisema kwa sababu kila mara kuna shangazi anayemhurumia mtoto alfajiri akampa vijiko viwili vya uji, na mkimficha daktari, uji huo unaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu akiwa usingizini. Akiwa na mafua siku hiyo semeni pia. Wao wataamua kuahirisha au kuendelea, kutegemea njia ilivyoziba.

Baada ya hapo kooni kutauma kidogo, atakunywa vitu vya uvuguvugu, na kwa kawaida atabaki wodini usiku huo aangaliwe asije akavimba. Sauti haitarudi kesho yake. Kwa wengine husafika ndani ya wiki chache, kwa wengine hubaki na ukwaruzi. Msimlazimishe kunong'ona, kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha nyuzi. Aongee kawaida, ila asipige kelele. Mwekeni mbali na moshi wa jikoni.

Sasa kazi yako, baba. Kila Jumapili mrekodi kwa simu akihesabu moja hadi kumi, mahali pale pale, na video fupi ya kifua chake akiwa amelala. Zihifadhi kwa tarehe. Kwa kuwa sauti hutangulia kuharibika, ukizisikiliza kwa kufuatana utasikia vinyama vinarudi wiki kadhaa kabla pumzi haijabana, na daktari wa Mwanza akizisikia anaweza kukuambia kwa simu uje wiki hii au usubiri tarehe yako. Kabla hamjaruhusiwa kutoka wodini, omba namba ya kliniki ya masikio, pua na koo, na nakala ya ripoti ya upasuaji inayoonyesha vinyama vilikuwa wapi, wapi vimeachwa, na mpira wa ukubwa gani ulipita. Nakala moja ibaki hospitali ya wilaya Kasulu, ili akibanwa usiku daktari wa zamu ajue anakutana na nini.